Mukaba Uliopakwa Sabuni

Watu wa mtaa wetu hapa Kamina wakitaka kusema kwamba mtu fulani hasemi uongo, husema, "Huyu ni Mekano kabisa." Nimeisikia sifa hiyo sokoni, nimeisikia msibani, na mara moja nimeisikia kanisani, mhubiri alipokuwa akieleza maana ya ndiyo kuwa ndiyo na siyo kuwa siyo. Siku hiyo niliinuka katikati ya mahubiri nikatoka nje. Mama alifikiri ni tumbo.

Halikuwa tumbo. Ilikuwa hasira, na hasira hiyo ndiyo inayonifanya niandike. Kusema siwezi. Nikisimama mbele ya watu wawili maneno yananikauka kinywani. Kwenye karatasi naandika polepole, nafuta, naandika tena, na hakuna anayenitazama.

Sitaeleza huyo Mekano, fundi wa magari, alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Mimi namjua kuanzia kwenye meza yetu, kwa sababu meza ya mama ya kuuza sabuni inatazamana na garaji yake, na katikati kuna barabara ya vumbi tu. Garaji yenyewe ni nguzo nne, mabati yaliyotoboka, shimo la kuingilia chini ya magari, na ukuta mmoja wa matofali ya udongo. Kazi aliifundishwa kwenye karakana za reli, zamani, wakati treni zilikuwa nyingi. Tangu nianze kukaa kwenye meza hiyo, nikiwa na miaka saba, hadi leo, hakuna siku nimeinua macho nisimwone.

Jambo la kwanza ambalo kila mtu atakuambia ni sikio lake. Alisikia gari kabla halijaonekana. Alikuwa amelala chini ya lori, miguu tu nje, na ghafla sauti yake ilitoka huko chini: "Ile pick-up ya Mwalimu inakuja. Mukaba yake iko nalia. Nilimuambia." Baada ya muda pick-up ya Mwalimu ilikunja kona kwenye njia panda ya reli, na kweli, ilikuwa inalia kama mtoto wa mbuzi.

Huku kwetu mkanda wa motere, yaani injini, tunauita mukaba, jina lile lile la mkanda wa suruali. Ni ule mpira mweusi unaozunguka mbele ya motere na kuzungusha feni, pampu ya maji na dinamo. Ukikatika, feni inasimama, maji yanachemka, na motere inakufa. Mekano alisema mukaba hulia kwa sababu tatu: njaa, uzee na mafuta. Njaa ni pale umelegea, unataka kukazwa. Uzee ni pale umekwisha, unataka kubadilishwa. Mafuta ni pale motere imeutemea, unataka kupanguswa. "Ikilia, isikilize," alikuwa anawaambia mashoferi. "Haikutukane. Iko nakuambia."

Na hapo ndipo vita yake na mama ilipoanzia.

Mashoferi wana dawa yao ya mukaba unaolia. Wanachukua kipande cha sabuni, motere ikiwa inazunguka, wanausugulia upande wa ndani. Kelele inakwisha palepale. Inakwisha saa moja, au siku moja, kisha mukaba ule mzee unaendelea kufa kimyakimya. Na sabuni hiyo walikuwa wanainunua wapi? Kwetu. Mbele ya macho yake.

Alikuwa anasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, suruali ikimshuka. "Mama Sabuni! Weye uko nauzisha kifo kwa vipande!"

"Papa Mekano, minyi niko nauzisha sabuni," mama alimjibu bila kuacha kukata. "Kama bantu banafulia ao banapakala motere, haiko kazi yangu. Na weye ungenunua hata kipande kimoja, batoto bangeacha kukukimbia!"

Watu walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Mekano hakugusa sabuni. Mikono yake aliiosha kwa mchanga na mazutu, yaani dizeli, akaisugua mpaka ikawa ya kijivu, akaipangusa kwenye suruali. "Sabuni iko ya manguo na ya maiti," alisema. Miaka yote ile hakununua kwetu hata kipande. Naomba msomaji akumbuke jambo hilo.

Alikuwa na suruali moja ya kazi, na aliifunga kwa kamba ya katani. Mashoferi walimtania: "Papa Mekano, mukaba yako iko wapi?" Naye alijibu neno lile lile kila siku, na kila siku walicheka kana kwamba ni jipya: "Yangu iko mu kamyo yako. Njo inakushikilia roho."

Mikaba iliyokufa hakuitupa. Aliigongomea misumari kwenye ule ukuta wa udongo, akaitundika safu kwa safu. Ukikaa kwenye meza yetu ulikuwa unaiona imening'inia kama nyoka waliouawa. Alijua kila mukaba ulitoka gari gani na ulikatikia wapi. Dereva mgeni akija na haraka zake, Mekano alimshika bega akampeleka ukutani. "Hii ilikufa njia ya Mulongo, na samaki yote ikaoza. Hii, nyuma ya Base, kule kambi ya jeshi, muke ya soldat alitembea na miguu mupaka hapa. Hii nilimuambia mwenyewe, abadilishe. Akasema kesho." Kisha aliushusha mmoja, akaugeuza ndani nje, akaukunja mbele ya pua ya dereva. Ndani ulikuwa umepasukapasuka mistari midogo. "Kisigino ya mulimaji," alisema. "Ukiona kisigino ya mulimaji, usipande."

Nakiri kwamba nilipenda kumtazama akifanya kazi. Kwanza alimnyang'anya dereva ufunguo, akautia mfuko wa shati, akafunga kifungo. Hakugusa mukaba kabla ufunguo haujawa mfukoni mwake, hata kama dereva ni afande mwenye bunduki. Na hakuulazimisha mukaba kwa bisibisi kama wanavyofanya wengine wenye haraka. "Mukaba unavalishwa," alisema. "Haupigwe."

Ni yeye aliyenipa jina la Kimya. Siku moja mashoferi walikuwa wanabishana nani aliyechukua pompi ya garaji, na mimi nilikuwa nimemwona aliyeichukua, na sikusema. Jioni yule mtu aliirudisha mwenyewe. Mekano akanicheka kutoka ng'ambo: "Huyu mutoto wa Mama Sabuni njo mwenye akili hapa. Anaona yote, hasemi kitu. Kimya!" Jina likashika. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwa nimesifiwa na mtu yeyote, hata shuleni. Nilifurahi siku nzima. Sasa nikilikumbuka jina hilo natamani kulitema.

Haki yake nampa pia, nisije nikawa mwongo kama yeye. Mashine ya kusagia ya mjane wa nyuma yetu aliitengeneza mara nyingi bila kudai kitu. Tajiri angeweza kumtukana mpaka mbwa wakimbie, asibadili neno. Lakini mwanamke akilia mbele yake, Mekano aliyeyuka. Alitazama chini, akatazama pembeni, akasema "basi, basi, basi," akafanya alichoombwa. Watu waliona huo ni wema. Mimi nimejua kwamba mtu asiyeweza kumwambia anayelia "hapana" atamwambia uongo.

Ilikuwa wakati wa mvua, miaka sita iliyopita, nikiwa na miaka kumi na mitatu. Simu ilipigwa asubuhi kutoka Malemba-Nkulu. Nkambo, yaani mama yake mama, alikuwa hali chakula na halali, anaita jina la mama tu. Alikuwa na neno la kumwachia, na neno hilo alikataa kumwambia mtu mwingine. Mama ndiye mtoto wake wa kwanza.

Kamyo moja tu, yaani lori, ilikuwa inaenda Malemba siku zile za matope. Ilikuwa kamyo kuukuu ya kijani, milango yake ikifungwa kwa waya. Ilikwenda na chumvi na vitambaa, ikarudi na samaki wakavu. Na kamyo hiyo ilikuwa imelala kwenye garaji ya Mekano siku mbili, kwa sababu ya mukaba. Alikuwa ameutoa, akaugeuza mbele ya watu wote: kisigino cha mlimaji, tena cha mlimaji mzee. Akaurudisha tu ili kamyo iweze kusogea. Mukaba mpya ulikuwa umeagizwa Lubumbashi, na ulikuwa unakuja na treni. Treni ilikuwa imesimama mahali fulani njiani, hakuna aliyejua wapi.

Mama alivuka barabara. Mimi nilibaki kwenye meza, lakini barabara ni nyembamba na nilisikia yote.

"Papa Mekano, mama yangu iko nakufa."

"Nimesikia, Mama Sabuni. Lakini mukaba haiko. Iko mu treni."

"Na treni iko wapi?"

"Mungu anajua."

"Ile ya zamani haiwezi fika?"

"Haiwezi. Haifike hata nusu ya njia. Ngojea kesho, labda treni itaingia."

Mama alipiga magoti pale kwenye udongo uliolowa oili. Nilikuwa sijawahi kumwona mama akipiga magoti mbele ya mtu. "Leo, Papa," alisema, na sauti yake ilivunjika. "Minyi mutoto wa kwanza. Iko naniita. Leo, vidye, nakuomba." Vidye ni neno la Kiluba, la kumheshimu mkubwa. Mama hakuwahi kumwita hivyo.

Mekano akatazama chini. Akatazama ukuta wake wa mikaba. "Basi, basi, basi," akasema.

Jua lilipokuwa kichwani, mama akiwa ndani anafunga mzigo, Mekano alikuja kwenye meza yetu.

"Kimya. Unikatie kipande."

Sabuni yetu huja katika miche mirefu, na tunaikata kwa uzi. Nilimkatia. Alilipa, akakitia kile kipande mfuko wa shati, ule wa funguo, akafunga kifungo. Kisha akanitazama. "Mikono imekuwa michafu leo," akasema.

Sikuwa nimemuuliza. Miaka yote ile hakuwahi kunieleza kitu chochote, na siku hiyo ananieleza habari ya mikono yake. Nilikuwa bado nimeshika uzi, na nilijua. Sitajisingizia utoto. Nilikuwa nimewauzia sabuni mashoferi tangu nina miaka saba, na nilijua mtu anayekwenda kuosha mikono anatembeaje na mtu anayekwenda kunyamazisha mukaba anatembeaje.

Aliinamia motere ya kamyo muda mrefu, mgongo akiuelekeza kwetu. Aliinua spana, akaiangusha, akaiinua tena. Aligonga vyuma ili tu visikike. Kisha harufu ikavuka barabara, sabuni juu ya mpira wa moto. Hiyo naijua kama wengine wanavyojua harufu ya mandazi.

Dereva wa kamyo, ambaye sote tunamwita Shoferi, alikuja mbio. Alikuwa kijana mpole, mwenye kupenda kupiga honi kwa watoto.

"Papa Mekano, mukaba?"

"Nimebadilisha."

"Treni iliingia?"

"Nilipata ingine kwa rafiki. Enda, mama ya muntu iko nangojea."

Shoferi hakufungua boneti. Nani angefungua boneti nyuma ya Mekano? Ingekuwa kama kuhesabu upya vidole vya mtoto ambavyo mkunga amekwisha kuvihesabu. Akapanda, akawasha. Motere ikanguruma, na mukaba haukulia. Watu waliokuwa pale walipiga makofi. "Mekano! Mekano ya kweli!"

Mama alipanda juu ya magunia ya chumvi. "Chunga meza!" aliniita. Nikafungua kinywa. Naapa nilikifungua. Hakuna kilichotoka. Nikainua mkono, nikauinua juu sana, nikautikisa, nikitaka asimame. Mama alifikiri namuaga. Na yeye akatikisa wake.

Mukaba ulikatika karibu na nusu ya njia, mahali pasipo nyumba. Shoferi alikuwa anakimbiza, kwa sababu mama alikuwa anagonga bati la kichwa cha kamyo na kuita "ongeza, ongeza," na kwa sababu aliamini ana mukaba mpya. Alipoona moshi maji yalikuwa yamekwisha zamani. Motere ilijifunga. Walikaa siku mbili pale, mvuani, wakiogopa hata kuwasha moto, kwa sababu njia ile ina watu wabaya. Mama alifika Malemba kwa baiskeli ya kukodi, matope mpaka kifuani, akakuta nkambo amezikwa jana yake. Ndugu zake walimuuliza, "Ulikuwa wapi?" Lile neno hakuna aliyelisikia. Limezikwa naye.

Mama si mtu wa kusamehe. Aliporudi alikwenda moja kwa moja garajini, ambako mwenye kamyo alikuwa tayari anamfokea Shoferi mbele ya watu. Nilimfuata mama nikasimama nyuma yake.

"Mukaba mupya haukatike!" mwenye kamyo alisema. "Uliua motere yangu na mbio zako."

"Patro, angalia mwenyewe," Shoferi alisema. Alikuwa amebeba vipande vya mukaba ndani ya mfuko, kutoka huko kote, kama mtu aliyebeba mifupa. Akampa Mekano. "Papa, weye unajua mikaba. Huu ni mupya?"

Mekano alivipokea. Akavigeuza ndani nje, kwa mazoea. Aliutazama mpira ule ulioungua. Mtu ambaye angeweza kukuambia mukaba umetembea misimu mingapi ya mvua kwa kuugusa tu, alisimama pale akasema, "Imeungua. Muntu hawezi tena kujua."

Kisha akavitupa kwenye moto wa takataka. Hakuvitundika ukutani. Katika maisha yangu ni mukaba mmoja tu ambao sikuuona ukitundikwa.

Mama akamtemea Shoferi mate miguuni. "Ulizika mama yangu bila minyi," akamwambia. Mwenye kamyo akamnyang'anya ufunguo palepale. Tangu siku hiyo hakuna tajiri wa Kamina aliyempa Shoferi usukani, kwa maana watu walisema, kama Mekano alibadilisha mukaba, basi kosa ni la dereva. Neno la Mekano ndilo lililomhukumu.

Sikasiriki kwa sabuni. Nimelifikiria jambo hili miaka sita na nataka lieleweke. Angemwambia Shoferi, "Nimepaka sabuni, mukaba ni ule ule, nenda polepole, simama mara kwa mara, beba maji," Shoferi angejua la kufanya. Mama angejua anapanda nini. Pengine wangefika. Pengine wasingefika, lakini wangekuwa wamechagua wenyewe. Yeye alichukua neno moja, "nimebadilisha," akaufunga nalo mdomo wa mukaba, mdomo wa Shoferi, na mdomo wangu. Akabaki na sifa zake.

Siku hizi Shoferi anasukuma baiskeli ya makala, yaani mkaa. Hupita mbele ya meza yetu kila asubuhi, magunia matatu yamemfunika, akisukuma kwa kifua. Kila asubuhi anasema, "Jambo, Mama Sabuni." Na kila asubuhi mama anageuza uso. Wakati mwingine anaugeuza kabla baiskeli haijatokea kwenye kona. Mimi namwitikia kwa kichwa, na ninajichukia.

Leo jioni pick-up ya Mwalimu ilisimama kwenye meza yetu, inalia vilevile. Mwalimu akataka kipande cha sabuni. Tangu ile siku mimi siwauzii mashoferi. Mama hunigombeza kwamba nafukuza wateja. Nilimwonyesha Mwalimu garaji kwa kidole. Akanung'unika, akaivusha pick-up ng'ambo, nami nikamfuata, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuhakikisha kwamba anabadilisha kweli.

Mekano amezeeka. Sikio lile limekufa. Alisimama hatua mbili kutoka kwenye motere inayopiga kelele mpaka kuku wanakimbia, akanigeukia. "Kimya, iko nalia?"

Niliitikia kwa kichwa.

Akachukua ufunguo, akautia mfukoni, akafunga kifungo. Alilegeza buloni, yaani bolti, ya dinamo, akaisukuma dinamo ndani kuelekea motere mpaka mukaba ukalala. Akautoa puli kwa puli, akaupitisha juu ya feni. Akaugeuza. Kisigino cha mlimaji. Akapangusa puli zote kwa kitambaa kikavu, akaupima mukaba ule kwa mkono. "Mu sanduku, Kimya. Utafute wa urefu huu. Macho yangu ni mabaya."

Sanduku lake ni la risasi, la chuma, kutoka Base. Niliupata wa Mwalimu juujuu. Chini ya matambara kulikuwa na mwingine, bado ndani ya karatasi yake ya dukani. Mekano huandika kwa penseli jina la gari kila mukaba unapoagizwa. Nimesoma mpaka darasa la sita, na herufi kubwa hazinishindi. Iliandikwa: KAMYO YA MALEMBA.

Nikauchomoa. Haukuwa umezunguka hata mara moja, na hata hivyo ulikuwa umekauka na kuanza kupasuka. Nilimpa kwanza ule wa Mwalimu, kwa sababu Mwalimu hakuwa na kosa.

Aliuvalisha bila kuulazimisha. Akaivuta dinamo kwa mti, akaishikilia, akakaza buloni. Kisha akabonyeza mukaba kwa kidole gumba, katikati ya puli mbili. "Kidole kimoja," alimwambia Mwalimu. "Ikizidi, iko na njaa. Ikipungua, itakula dinamo." Motere ikawashwa. "Kimya, iko nalia?" Nilitikisa kichwa. Mwalimu akaenda zake, na mukaba wake mpya unavuma vizuri.

Mekano akakaa, ndipo nilipouweka ule mukaba na karatasi yake juu ya magoti yake.

Alipitisha kidole gumba juu ya maandishi yake mwenyewe.

"Iliingia na treni siku ya tatu, kamyo imekwisha enda," alisema. "Sikuweza kuivalisha motere ingine. Kila mara ninaishika, mikono inakataa."

Nilikuwa na maneno ya miaka sita. Lilitoka moja, bila sauti: "Shoferi."

Alilisoma mdomoni mwangu. Akainuka, akakaza kamba ya suruali, akauchukua mukaba, akavuka barabara. Mama alikuwa anakata sabuni.

"Papa Mekano!" mama alimcheka. "Leo unanunua?"

"Mama Sabuni. Ile siku ya mama yako. Mukaba sikubadilisha. Nilidanganya. Nilipaka ile ya zamani sabuni, nikamudanganya Shoferi, nikakudanganya weye." Akauweka mukaba na karatasi yake mezani. "Mupya njo hii."

Uzi wa mama ulisimama katikati ya sabuni. Gari zima la jeshi lingeweza kupita na asingelisikia. Nilimwona akifika, peke yake, mahali ambapo mimi nimekaa miaka sita.

"Na sabuni," aliuliza polepole, "uliitoa wapi?"

"Kwangu," Mekano alisema, macho kwenye mdomo wa mama. "Nilikuwa nayo ku nyumba."

Hakunitazama aliposema hivyo. Mtu anayeosha mikono kwa mchanga, ati alikuwa na sabuni nyumbani! Nilielewa kwamba ananificha. Nilielewa pia kwamba ni huruma, ile ile ya siku ile, na kwamba kwa huruma hiyo nitaendelea kuwa mtoto mwenye akili, anayeona yote, asiyesema kitu. Hasira ilinipanda kutoka tumboni mpaka kwenye meno.

"Hapana!"

Sauti ilitoka juu, mbaya, inakwaruza. Watu wa barabarani waligeuka. Na Mekano, ambaye siku hizi hasikii hata pikipiki, aligeuka pia.

"Alinunua kwangu," nilimwambia mama. "Minyi njo nilimukatia. Na nilijua. Nilijua mbele ya kamyo kuondoka."

Mama alimtazama yeye, kisha mimi. Nilingoja kofi, na ningelipokea. Lakini aliuchomoa uzi taratibu kutoka kwenye sabuni, akaufunga kidoleni, akaufungua, akaufunga tena. Kisha akaitazama kona ya barabara, ile ambayo kila asubuhi huigeuzia kisogo.

"Shoferi," akauliza, "iko napita hapa saa ngapi?"